Fundo la Kisima cha Kidzumoni

Kamba ile haikuwa ya kuchotea maji. Kila mtu wa Kidzumoni alilijua hilo, hata watoto waliokuwa bado hawajui kujifuta kamasi. Ilikuwa kamba ya kupimia, ya makumbi ya nazi, nene kama kidole gumba. Mwisho wake mmoja ulifungwa jiwe la ukubwa wa ngumi, na pima saba juu ya jiwe hilo palikuwa na fundo lililozungushiwa kitambaa chekundu. Mwaka mzima ilitundikwa ukutani chumbani kwa Mwanapili, juu ya kitanda chake, na aliyethubutu kuigusa bila ruhusa aliondoka pale na maneno ya kumtosha hadi kiyama.

Mwanapili alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mwembamba, mkali wa ulimi mbele za watu na mwepesi wa machozi akiwa peke yake. Kamba aliirithi kwa mjomba wake Mwero, ndugu wa mama yake, ambaye ndiye aliyekichimba kisima. Mwero alikuwa na wanawe wanne wa kiume, wenye vifua kama milango, na hakumpa hata mmoja. Wadigo wa zamani mali yao ilishuka kwa watoto wa dada, na kule Kidzumoni, ambako mto hakuna na mvua ina maringo, kamba ile ilikuwa mali kuliko minazi.

Siku ya kumkabidhi alimkalisha ukingoni mwa kisima, akamwambia maneno ambayo Mwanapili aliyahifadhi kama sura ya Kurani.

"Bahari haiko pale tu unapoiona, mwanangu. Iko hapa pia, chini ya miguu yetu. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Mlafi akitaka mafuta mengi akauzamisha upawa, hupata mchuzi. Fundo likifika mdomoni mwa kisima, mchimbaji apande, hata kama watu wanakufa kwa kiu."

Basi kila mwaka kabla ya masika kisima kilikombwa. Maji yalichotwa mpaka yakabaki ya kifundo cha mguu, kisha Tsuma, fundi wa visima, akashuka na karai na sururu kuzoa mchanga na tope la mwaka mzima. Mwanapili alisimama juu, akateremsha kamba mpaka jiwe likagusa chini. Tsuma alikuwa na wito wake: "Fundo liko wapi, dada?" Mwanapili hujibu, "Bado shibiri mbili," au "Bado vidole vinne," na akisema, "Limefika," Tsuma hupanda hapo hapo. Kule chini yeye haoni kitu, anasikia sauti tu. Kwa miaka kumi na saba fundi yule aliichimba sauti ya Mwanapili, na maji ya Kidzumoni yalikuwa matamu hata watu wa Galu wakiyaonea wivu.

Sasa mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao bendera mpya ilikuwa imepanda Kwale miezi mitatu tu nyuma. Watu walikuwa wamelewa Uhuru bila ya kunywa. Diwani Chirau, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, alikuwa ameleta habari kwamba serikali itawapa zahanati, yenye dawa na mkunga wa kukaa hapo hapo, iwapo wenyewe watasimamisha kuta. Watu wakavunja mawe ya matumbawe, wakachoma chokaa, wakasomba mchanga. Hakuna aliyesomba mchanga kama Mwanapili. Alikwenda na karai lake alfajiri na kurudi jua la utosi, shingo imekakamaa, na vijana wakimtania kwamba anajijengea nyumba ya kuolewa upya. Aliwaacha wacheke.

Sababu ilikuwa nyumbani kwake, imekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, miguu imevimba. Kibibi alikuwa bintiye wa pekee. Mume wa Kibibi alikuwa kuli bandarini Mombasa na huonekana kwa mwezi mara moja. Kibibi alikuwa amezaa mara mbili, na mara mbili alirudi mikono mitupu. Mtoto wa kwanza alikwama, wakamchukua mama juu ya kitanda, wanaume wanne begani, kuelekea hospitali ya Msambweni, maili saba. Mtoto akazaliwa njiani chini ya mvua, hakulia. Wa pili walisubiri lori la nazi lililoahidiwa. Lori halikuja, na walipoamua kumbeba ilikuwa jioni na mtoto amekwisha kufa tumboni. Sasa mimba ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Mwanapili alikiogopa kitanda kile kuliko jeneza. Kila karai la mchanga alilolimwaga pale kwenye kuta alisema moyoni, huyu hatabebwa, huyu atazaliwa hapa.

Kuta zilipofika usawa wa madirisha, Bwana Afya alikuja kutoka Kwale kwa baiskeli. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu, akasifu kazi, akakunja suruali, kisha akateremsha kipimo chake kisimani. Akakitazama mara mbili. Maji yalikuwa futi mbili na nusu. Akawaeleza, kwa upole na kwa kurudia, kwamba zahanati ni watu wa kuoshwa na vyombo vya kuchemshwa, na kisima chenye maji chini ya futi nne wakati wa kiangazi hakitafaa. Kuna kijiji kingine chenye kijito ambacho nacho kimeomba. Mkunga yuko tayari, sanduku lake limefungwa. Maji yakikubaliwa atakuja wiki hiyo hiyo, hata kama paa ni la makuti. Angerudi kupima baada ya siku kumi.

Chirau aliwakusanya watu alasiri ile. Dawa ya kisima kifupi, alisema, ni kukirefusha. Tsuma akasimama, naye ni mtu asiyependa kusema mbele za watu, akasema kisima kile hakirefushwi, hukombwa hadi fundoni, na kukikomba kutaongeza nusu futi, basi. Chirau akacheka. Akauliza ikiwa Mzungu amefungasha virago, yawaje Kidzumoni bado inatawaliwa na kamba. Watu wakacheka naye, lakini baada ya kucheka wote wakamgeukia Mwanapili, kwa sababu hapakuwa na mtu, hata Chirau mwenyewe, ambaye angeingiza sururu kisimani bila neno lake.

Mwanapili akasema watakikomba kesho kutwa, kama kawaida, hadi fundoni. Akaona nyuso zikimshukuru na nyuso zikimlaani. Alijua kuhesabu kama wao: mbili na nusu na nusu ni tatu.

Kesho yake, adhuhuri, Kibibi alikuwa amelala kwenye mkeka ukumbini, mdomo wazi kwa joto. Mwanapili alimtazama miguu. Aliibonyeza kwa kidole, na shimo la kidole likabaki palepale, halikurudi. Aliingia chumbani akafunga mlango. Akaitungua kamba akaketi nayo kitandani.

Shetani hakumjia na mapembe. Alimjia na hoja. Mjomba Mwero, alijiambia, alikuwa mtu wa hadhari. Hata kanzu yake aliishonesha ndefu ili aje aipinde baadaye. Mtu kama huyo hawezi kuwa alifunga fundo pale pale chumvi inapoanzia. Lazima aliacha nafasi. Na yeye hataki nafasi yote, anataka mkono mmoja tu, kiwiko hadi ncha ya kidole. Akaanza kulifungua fundo. Lilikuwa limekaza kwa miaka, likamng'oa kucha, akalikamata kwa meno. Alionja chokaa na vumbi na jasho la mjomba wake. Alipolifungua alilia, kisha akapima mkono mmoja kwenda juu, akafunga tena, akarudisha kitambaa chekundu. Mahali pa zamani palibaki peupe, kama ngozi iliyokuwa chini ya bangili. Akapapaka masizi ya chungu.

Siku ya kukomba watu walijaa. Maji yakachotwa, Tsuma akashuka. Makarai ya tope yakapanda, yakamwagwa. Baada ya saa nzima sauti yake ikatoka chini.

"Fundo liko wapi, dada?"

Mwanapili aliteremsha kamba. Kitambaa chekundu kilikuwa bado hewani juu ya mdomo wa kisima.

"Bado mkono mmoja."

 Kisha Tsuma akasema kwamba tope limekwisha, yuko juu ya mwamba, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kuambiwa auvunje mwamba ule. Mwanapili alihisi macho yote mgongoni mwake, ingawa hapakuwa na mtu aliyemshuku.

"Fundo bado, ndugu yangu."

Akateremshiwa mtaimbo. Wakausikia ukigonga, ngo, ngo, mpaka alasiri. Mara Tsuma akapiga kelele avutwe, akatoka amelowa hadi kifuani, anatetemeka kwa baridi katika jua la Machi. Maji yalikuwa yakipanda nyuma yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Chirau akamkumbatia Tsuma na tope lake. Mwanapili akayaonja maji ya kwanza kwa kiganja. Yalikuwa matamu. Akasema kimoyomoyo, Mjomba, nisamehe, ulikuwa mwoga tu.

Siku tatu yalikuwa matamu. Siku ya nne, mke wa Tsuma, Mwanarusi, alimuuliza Mwanapili penye foleni kama chai ya kwake nayo ina ladha ngeni. Mwanapili akamwambia ni vumbi la jiwe lililovunjwa, litatulia. Siku ya sita maharage yalikataa kuiva. Siku ya nane ilikuwa bamvua, bahari ilijaa hadi kwenye mikoko, na maji ya kisima nayo yakapanda, maana hufuatana. Sabuni ikaacha kutoa povu. Watu walilisema jambo hilo kwa sauti ndogo, kila mmoja akingoja mwenzake aliite kwa jina lake. Mwanapili alikuwa akienda kisimani kabla ya alfajiri, anateka kata moja, anaonja, anatema, anaonja tena, kama mtu anayemtikisa maiti.

Bwana Afya alirudi siku aliyoahidi. Kipimo chake kilisoma futi nne na nusu. Vigelegele vilianza, Chirau akaanza kutoa shukrani kwa serikali, na Bwana Afya, kwa kuwa amepanda kilima kwa baiskeli na jua ni kali, akaomba kikombe cha maji.

Hakuna aliyesogea. Mwishowe Chirau mwenyewe akamtekea. Bwana Afya akatia mdomoni, akayashikilia, akageuka upande akayatema kwa adabu. Akauliza kama wao huyanywa maji hayo. Mzee mmoja akajibu kwamba zamani walikuwa wakiyanywa. Bwana Afya akakaa juu ya jiwe la ukuta wa zahanati kwa muda mrefu bila kuandika chochote, na ilionekana alikuwa amehuzunika kwelikweli, kisha akaandika. Mkunga na sanduku lake wakaenda kwenye kijito.

Watu wanapopatwa na msiba usio na mwenyewe, huutafutia mwenyewe. Aliyekuwa chini ni nani? Tsuma. Aliyeshika mtaimbo ni nani? Tsuma. Tsuma alisema alichimba kwa fundo. Wakamuuliza, yaani anamsingizia Mwanapili, mwanamke aliyesomba mchanga kuliko wanaume? Akachukua karai lake akaondoka. Wakasema alitaka sifa, alitaka aonekane ndiye aliyeleta zahanati, akachimba fundo likiwa limekwisha fika. Wakamtupia ile methali ambayo ilikuwa ikimngoja tangu azaliwe, kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Waliokuwa wamemwomba awachimbie visima, huku na huko hadi Bongwe, wakamtumia salamu kwamba wamepata mwingine. Akisalimia njiani alijibiwa kwa nusu ya salamu. Maji matamu sasa yalikuwa Bongwe, saa mbili kwenda na saa mbili na nusu kurudi na debe kichwani, na wanawake wa Kidzumoni walipopanga foleni huko walimweka Mwanarusi nyuma yao wote, kila siku, bila ya kukubaliana.

Na Mwanapili alikuwa wapi? Alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, mbele. Walimpisha kwa heshima, kwa ajili ya umri wake na ya mwanawe mjamzito. Kila walipompisha alitamani ardhi immeze. Alikuwa akisema moyoni, Kibibi akijifungua nitasema. Nikisema leo, watatufukuza mimi na yeye, na nani atamshika siku yake? Hivyo ndivyo alivyojipa ruhusa, siku baada ya siku, na kila siku ilimkuta mwoga kuliko jana.

Alasiri moja Tsuma alibisha hodi. Akakaa barazani, kwenye ncha ya mkeka, kama mtu aliyekuja kuposa akijua atakataliwa. Aliuliza hali ya Kibibi. Kisha akasema hapati usingizi, na anaomba aione kamba.

Mwanapili aliileta.  Tsuma aliipitisha kamba vidoleni taratibu, shibiri kwa shibiri, kutoka kwenye jiwe kwenda juu. Karibu na fundo vidole vyake vilisimama kidogo. Vikaendelea. Alipomaliza, ncha ya kidole chake gumba ilikuwa nyeusi, akaifuta kwenye shuka yake.

"Dada," akasema, bila kumtazama, "siku ile uliniita limefika, nami nikaendelea kuchimba?"

Huo ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Ndani, Kibibi aliguna kwa kugeuka ubavu.

"Labda hukusikia, ndugu yangu," Mwanapili akasema. "Kule chini mwangwi ni mwingi."

Tsuma aliikunja kamba vizuri, duara juu ya duara, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Labda," akasema. Akaaga, akamwachia Kibibi dua, akaenda zake.

Uchungu ulimshika Kibibi siku sita baadaye, baada ya sala ya alfajiri. Wakunga wa kijiji wawili walimpapasa tumbo wakatazamana, na Mwanapili alikuwa ameyaona matazamano hayo mara mbili tayari. Mtoto alikuwa amelala upande. Basi la kwenda Msambweni lilikuwa limekwisha pita. Kwa hiyo kitanda kikatolewa nje, kile kile cha kamba, kikafungwa miti miwili mbavuni. Wanaume watatu walipatikana upesi. Wa nne alikuwa mgonjwa wa tumbo kwa kuendelea kunywa maji ya kisimani. Tsuma akatokea nyuma ya nyumba, akaweka bega lake chini ya mti wa mbele bila ya kuuliza mtu, na hakuna aliyemkataza.

Walipokuwa wakitoka kijijini walikutana na Mwanarusi anarudi kutoka Bongwe, debe kichwani, vumbi hadi magotini. Alikitazama kitanda. Akalitua debe, akajaza kibuyu kikubwa hadi kikafurika, akampa Mwanapili. Lililobaki akalimwaga lote, kwa kata, juu ya nguo iliyomfunika Kibibi ili apoe. Alibaki na debe tupu na njia ya saa nne na nusu mbele yake. Akamwombea Kibibi wepesi.

Jua lilipanda. Barabara ya Msambweni ilikuwa nyekundu na tupu, na katika maili tatu walipishana na mbuzi tu. Kibibi alikuwa akilia kwa sauti ndogo kama anayeona haya kuwasumbua wabebaji. Mwanapili alitembea kando ya bega la Tsuma, akimnywesha mwanawe maji ya Mwanarusi funda kwa funda, na kila funda lilimchoma. Aliona mti ulivyolichuna bega la Tsuma, damu ikishuka kwenye fulana. Kufika maili ya nne hakuweza tena.

"Tsuma," akasema. "Fundo nililihamisha mimi."

Aliingoja miguu ya Tsuma isimame. Haikusimama. Wale watatu wengine walikuwa wakihema mno, na kama walisikia hawakuonyesha.

"Najua, dada," Tsuma akasema. "Niliona kamba siku ile. Ulipaka masizi."

"Kwa nini hukusema?"

Alihamisha mti kwenda bega la pili, akainama kidogo ili kitanda kisiyumbe, kisha akaendelea kutembea.

"Ningesema na mja mzito yuko ndani anasikia? Nilikuwa nikingoja useme wewe. Na si kwangu, kwa watu. Mimi nilikuwa najua kwamba nasikia vizuri." Akavuta pumzi. "Tembea sasa. Mpe maji."

Walifika Msambweni saa saba. Kibibi aliingizwa ndani na mlango ukafungwa. Mwanapili alikaa chini nje, mgongo ukutani, akingoja habari alizozizoea. Alasiri mwuguzi alitoka akasema ni msichana, mdogo lakini ana sauti, na mama yake ni mzima.

Mwanapili alilia hata wapita njia wakasimama. Walimpa hongera, wakasema ni machozi ya furaha, na furaha ilikuwamo. Lakini aliyekuwa akilia ndani yake alikuwa mwingine. Mtoto alikuwa ameletwa kwa kitanda kile kile alichokiogopa, kwa mabega, kwa maji ya watu, kama watu wa Kidzumoni walivyobebana siku zote. Zahanati haikuwapo na mtoto amezaliwa. Kisima alikuwa amekiuza, akamuuza na Tsuma juu yake, na alichotaka kukinunua hakukihitaji. Hapakuwa na wa kumrudishia.

Ijumaa iliyofuata Tsuma aliomba ruhusa ajaribu kukijaza kisima mawe chini, hadi kiasi chake cha zamani, kisha kilazwe bila ya kuchotwa. Huenda masika mawili yangekirudishia utamu, huenda matano, huenda kisingetoa maji matamu tena maishani mwao; hakuna aliyejua. Chirau alisema ajaribu, ndiye aliyeharibu. Watu wakaja baada ya sala, wengi wao kutazama na baadhi kucheka. Mwanarusi alisimama mbali, na debe lake la Bongwe bado kichwani. Mwanapili alikuja na kamba, fundo likiwa palepale alipolifunga kwa mkono wake.

Tsuma akashuka. Walimsikia akichezea maji, akitafuta pa kusimama. Kisha sauti yake ikapanda, ile ile ya miaka kumi na saba, bila hasira ndani yake.

"Fundo liko wapi, dada?"

Mwanapili aliishika kamba.  Watu walingoja, wakaanza kutazamana.

"Fundo liko wapi, dada?"

"Si mahali pake," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikaingia kisimani ikarudi. "Nililihamisha, Tsuma. Mkono mmoja. Ulichimba nilivyokuambia. Ni mimi."

Kicheko kilikatika. Mwanarusi alilitua debe lake chini polepole, akalishikilia kwa mikono yote miwili kama linaloweza kukimbia.  Hakuna aliyemkaribia Mwanapili, wala hakuna aliyemtukana; walirudi nyuma hatua moja moja mpaka akabaki peke yake ukingoni.

"Basi lirudishe," ikasema sauti ya chini, "kisha mniteremshie mawe."

Mwanapili akaketi chini kwenye tope la chokaa mbele yao wote. Fundo lilikuwa limekaza. Akajaribu kwa kucha, likakataa, akalitia menoni.